Sentensi Isiyosemwa

Maswali yaliyomtoa jasho Agnesi hayakuwa ya hesabu, na Kiingereza chake kilimtosha. Yaliyomshinda ni maswali ya kanuni. Unapewa habari fupi ya mtu anayetoa sababu, kisha anafikia uamuzi. Chini yake zimepangwa sentensi tano, na unaulizwa ni kanuni ipi kati ya hizo inayouhalalisha uamuzi ule. Agnesi alikuwa anazisoma zote kwa utulivu, anaiona moja iliyo njema kuliko nyingine, anaichagua, anakosa. Anahamia swali jingine, anakosa tena.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kugombea ufadhili wa kusomea shahada ya sheria Dodoma. Agnesi alikuwa na stashahada, na kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria pale Gungu. Aliwasikiliza kinamama wenye kesi za viwanja na za matunzo ya watoto, akayapanga maelezo yao, halafu akamkabidhi wakili aliyekuja mara moja kwa mwezi na kuyapitia huku akinywa chai. Ufadhili ule ulikuwa na kikomo cha umri, na mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Akikosa, amekosa.

Kila Jumamosi mchana alipanda bodaboda kushuka Ujiji, kwenye shule ambayo rafiki yake Hamdani alikuwa akifundisha jiografia. Hamdani naye alikuwa amejiandikisha kwa mtihani huohuo. Walikaa kwenye darasa tupu, madirisha wazi, harufu ya dagaa walioanikwa ikipanda kutoka ziwani. Hamdani aliyageuza maswali kuwa ya Kiswahili na kuyajaza watu wa hapahapa, kwa sababu alisema kichwa kinafikiri vizuri kikiwa nyumbani.

"Sikiliza hili, dada Agnesi. Feliksi aliomba sehemu ya kuanikia dagaa mwaloni kabla ya mtu mwingine yeyote. Kamati ikamnyima, ikampa Pastory aliyeomba baada yake. Sababu yao ni kwamba msimu uliopita Feliksi alipewa sehemu akaiacha tupu, na Pastory hajawahi kupewa. Wanasema wametenda haki. Kanuni gani inawabeba?"

Akamsomea majibu. Agnesi alifikiri, akasema, "Mali ya wote itumike kwa faida ya wote."

"Kwa nini umechagua hiyo?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Hakuna aliyekuuliza kama ni kweli," Hamdani alisema, na sauti yake ilikuwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kujiambia maneno hayo mwenyewe mara nyingi. "Hiyo hata Feliksi anaweza kuisema akidai sehemu yake. Kanuni inayofaa pande zote mbili haijausaidia upande wowote. Wewe tafuta ile inayosema kwamba aliyepewa akaacha tupu asitangulizwe mbele ya ambaye hajapewa. Haipendezi. Lakini inaishika sababu kwa mkono mmoja na uamuzi kwa mkono wa pili. Ni sentensi ambayo kamati hawakuisema, na bila hiyo maneno yao yanaanguka."

Agnesi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameelewa, na bado hakutulia, maana alijua kuelewa Jumamosi si sawa na kuelewa siku ya mtihani.

Aliporudi Gungu jioni ile alimkuta mgeni kibarazani. Jirani yake, Mama Samson, alikuwa amempa kiti na maji. Mgeni alikuwa Thobias, shemeji yake kutoka Kalinzi, na pembeni yake Kurwa alikuwa ameketi chini akimenya karanga alizoletewa.

Kurwa alikuwa mtoto wa Happiness, dada yake Agnesi. Happiness alijifungua mapacha wa kike, Kurwa na Doto, na akafariki wakiwa wanatambaa. Baba yao, Amosi, mdogo wake Thobias, alikuwa mgodini Geita na hakuweza kukaa nao. Siku zile za msiba hakuna aliyejiona ana nguvu za kulea wachanga wawili kwa pamoja, ndiyo maana mama yake Amosi, Mama Esther, akapanda na Doto kwenda Kalinzi, na Agnesi akabaki na Kurwa. Ilisemwa ni kwa muda. Sasa watoto walikuwa na miaka sita, na Januari walitakiwa kuanza darasa la kwanza.

"Shemeji, sitakuficha," Thobias alisema baada ya salamu. "Mapacha hawatenganishwi. Tumezungumza nyumbani, na Amosi kwa simu amesema atafuata tutakachoamua sisi wakubwa. Kurwa aje Kalinzi waanze shule pamoja na mwenzake. Jumapili ijayo panda naye tulimalize."

Agnesi alisema amesikia. Thobias alipoondoka, Kurwa alimletea karanga kwenye kiganja, zimelowa jasho la mkono wake, na Agnesi akazila moja moja bila kuonja ladha yoyote.

Wiki ile hakusoma hata ukurasa mmoja bila kuyasikia maneno ya Thobias katikati ya mistari. Ofisini alimwandikia mama mmoja jina la mwenzake. Alikuwa anachemsha maharage, anayasahau mpaka yananukia. Aliamka kila alfajiri na moyo unaenda mbio kana kwamba kuna mtu amegonga mlango, anasikiliza, hakuna, ni Kurwa tu anakoroma kidogo kwenye kitanda cha pili.

Siku ya Jumatano, akiwa njiani kwenda kazini, jambo lilimjia likamsimamisha kando ya barabara. Mapacha hawatenganishwi, kwa hiyo Kurwa aende Kalinzi. Hapo kulikuwa na sababu, na kulikuwa na uamuzi, lakini katikati palikuwa na tundu. Mapacha wakae pamoja, sawa, lakini kwa nini wakae kule? Sentensi ile haikutaja mahali. Ilimfaa Thobias, na ilimfaa yeye vilevile, kama Feliksi na Pastory.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alipumua hadi chini. Alijiona ana kitu mkononi. Kisha, alipoanza tena kutembea, akajiuliza kanuni yake yeye ni ipi, inayombakiza Kurwa Gungu. Jibu lilikuja upesi: mtoto akae na aliyemlea. Alilitazama jibu lile kidogo tu, akaona kuna kitu nyuma yake ambacho hakutaka kukiona, akaongeza mwendo.

Kitu chenyewe ni kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote wa Kalinzi habari za mtihani. Akifaulu ataondoka, miaka mitatu au zaidi, kwenye bweni lisiloruhusu watoto. Alikuwa amepanga kimyakimya kumwachia Mama Samson Kurwa, na Mama Samson alikuwa amekubali.

Jumapili walipanda Kalinzi baada ya ibada. Gari lilipoliacha joto la ziwa na kuanza kupandisha, Kurwa alivaa sweta lake mwenyewe bila kuambiwa, akapachika uso dirishani kuitafuta migomba ya kwao Doto. Mama Esther aliwapokea mlangoni. "Mwakeye," alimsalimu kwa Kiha, na Agnesi akaitika, akampigia goti, akasema, "Shikamoo, mama." Watoto walishikana mikono wakatokomea nyuma ya nyumba, na kelele zao zikasikika zikizunguka uani.

Ndani walikuwa wanne: Mama Esther kwenye mkeka akichambua maharage kwenye ungo, Thobias na mkewe kwenye benchi, na Agnesi kwenye kiti cha mgeni.

Thobias alirudia yaleyale. Agnesi alimwacha amalize.

"Shemeji, sababu yako naikubali yote," alisema. "Mapacha wakae pamoja. Lakini hiyo haisemi wapi. Ukiishika hiyo peke yake, na mimi naweza kusema Doto ashuke Gungu."

Thobias alikunja uso. "Ni watoto wa Amosi. Ni wa ukoo huu."

"Kumbe kanuni yako ni kwamba mtoto akae kwa ukoo wa baba yake."

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo."

"Wajukuu zako wawili unaoishi nao hapa, baba yao ni mtu wa Kasulu. Mbona hujawapeleka kwao?"

Mke wa Thobias aliinamisha macho. "Hayo ni mengine," Thobias alisema.

"Ni yaleyale, shemeji."

Agnesi alijua ameshinda. Aliisikia damu ikimpanda masikioni. Alisubiri aone raha ya ushindi, na ndipo alipogundua kwamba sauti ya maharage kwenye ungo imekatika.

Mama Esther alikuwa amesimamisha mikono. Alikuwa akimtazama Agnesi kama mtu anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi kwa jina lisilofahamika.

"Unataka kumchukua Doto?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa nataka kuonyesha tu kwamba..."

"Nimesikia ulichosema. Umesema ashuke Gungu." Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Mtoto huyu nimemnywesha uji kwa kijiko akiwa hajaota meno. Akiumwa, nalala nimekaa. Thobias, hukuniambia kwamba tunaweza kumpoteza Doto."

Nje mmoja wa watoto alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

Agnesi aliitambua hofu ile. Ilikuwa yake. Ndiyo aliyoilea wiki nzima kifuani, na sasa alikuwa amemhamishia mwanamke mzima kwa sentensi moja nzuri. Akaona pia kile alichokipa kisogo Jumatano. Kama mtoto anakaa na aliyemlea, Doto ni wa Mama Esther, hakuna mjadala, na mapacha hawataishi pamoja kamwe. Na kama mtoto anakaa na aliyemlea, basi yeye mwenyewe, anayetaka kumwacha Kurwa kwa jirani, hana hata pa kuikanyagia kanuni yake.

Angeweza kunyamaza. Mtihani ulikuwa haujafika, pengine angefeli, na siri ingejifia yenyewe.

"Mama, Doto sitamchukua. Na kuna jambo sikuwaambia." Akaeleza yote: ufadhili, mtihani, Dodoma, bweni, Mama Samson.

Thobias alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo muda wote huu, shemeji, ulikuwa unamtetea nani?"

"Sijui," Agnesi alisema, na ilikuwa kweli.

Hatimaye Mama Esther aliuweka ungo kando, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ukifaulu, nenda," alisema. "Kurwa atakuja hapa kwa mwenzake, na kila likizo ukirudi utawakuta. Usipofaulu, nitashuka mimi na Doto tuje tuishi kwako. Macho yangu yanahitaji hospitali, na hospitali iko huko chini. Kahawa Thobias ataichuma."

Thobias alitaka kusema kitu, mama yake akamtazama, akaacha.

Agnesi aliteremka Gungu jioni ile na Kurwa amelala mapajani. Kila mtu alikuwa ametendewa haki, hakuna aliyeonewa, na yeye alikuwa amejifunga kitanzi. Akifaulu, anampoteza mtoto. Akifeli, nyumba yake inajaa: Kurwa, Doto, na bibi wa kuwaimbia. Kufeli kulikuwa na harufu ya uji wa asubuhi.

Siku ya mtihani upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Walikaa kwenye ukumbi wa chuo kimoja mjini, kila mtu na kompyuta yake, jenereta likinguruma nje. Hamdani alikuwa safu ya mbele, shati limemganda mgongoni. Maswali ya mwanzo yalipita. Kisha likaja swali la kanuni. Agnesi alilisoma mara moja tu, na jibu likajitokeza lenyewe, sentensi kavu isiyovutia, iliyoshika sababu huku na uamuzi huku. Hakuwa na shaka nalo.

Mkono wake ulikaa juu ya kipanya, haukubonyeza.

Ilikuwa rahisi mno. Abonyeze jingine, na jingine tena kwenye swali linalofuata, hakuna atakayejua. Nampenda Kurwa, alijiambia, kwa hiyo nifeli. Lakini kichwa chake kilikuwa kimefundishwa kazi na hakikukubali kupumzika. Kanuni gani inayobeba hiyo? Kwamba anayempenda mtoto aache kila kitu ili awe naye. Akaipeleka kanuni ile kwa wengine. Akawafikiria kinamama wa ofisini, wanaoacha watoto kwa ndugu ili wakauze mawese ng'ambo ya ziwa. Je, hawawapendi? Akamfikiria Amosi kule shimoni. Akamfikiria Kurwa mwenyewe akiwa mtu mzima, ameitwa shuleni mbali, na mtu anamwambia kwamba upendo ni kubaki. Hapana. Asingeweza kumsomea Kurwa sentensi ile usoni.

Akabonyeza jibu sahihi. Alidhani moyo utatulia baada ya hapo. Haukutulia.

Matokeo yalikuja kwa simu siku ya kazi, mama mmoja akiwa mbele yake anaeleza habari za mpaka wa shamba. Agnesi aliusoma ujumbe chini ya meza, akamwambia mama yule aendelee, akasikiliza hadi mwisho bila kuelewa neno. Amefaulu.

Hamdani hakufaulu. Alimpigia mwenyewe kumwambia.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Agnesi alisema.

"Mimi niliyajua maswali," Hamdani alisema. "Nikakaa mno kwenye moja, kila jibu nikilitafutia kosa, muda ukaniishia. Usinihurumie, dada. Nikisikia unanihurumia nitakata simu." Baadaye alimtumia ujumbe wa kumuuliza lini anasafiri, na siku ya safari alikuja stesheni amebeba mkungu wa ndizi ambao Agnesi hakuwa na pa kuuweka.

Kabla ya hapo kulikuwa na siku ya kumpeleka Kurwa. Agnesi alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kilio hakikuja. Kurwa alipanga nguo zake, akauliza kama Kalinzi kuna umeme, akaambiwa upo kwa Thobias, akaridhika. Ni Agnesi ndiye aliyerudi peke yake, akakaa kwenye kitanda cha pili mpaka Mama Samson akaja kumwambia ale.

Kutoka Dodoma alipiga simu kila Jumapili. Mara nyingine Kurwa alizungumza naye sana, mara nyingine alikuwa kisimani na Doto na hakutaka kuitwa. Mama Esther hakumficha kitu. Alimwambia wiki za kwanza mtoto alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kwenda kusimama mlangoni. Alimwambia pia siku tabia hiyo ilipokoma.

Likizo ilipofika, Agnesi hakulala Gungu. Alishuka stesheni akaunganisha hadi Kalinzi akiwa na vumbi la safari mwilini. Alipoingia uani, wasichana wawili waligeuka kwa pamoja, wamevaa sare za shule, vichwa vimenyolewa. Zamani Kurwa alikuwa anasukwa, Doto ananyolewa, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Sasa walisimama wakimtazama, na kwa kitambo kifupi, kilichokuwa kirefu kuliko mitihani yote, Agnesi hakujua ni yupi.

Mmoja alimkimbilia akamkumbatia miguu. Alikuwa Doto.

Kurwa alikuja taratibu, akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia viatu.

"Utalala?" aliuliza.

"Nitalala."

"Halafu utaondoka?"

Agnesi alichuchumaa. "Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi. Halafu nitaondoka, halafu nitarudi tena."

Kurwa alilipima jibu lile. Kisha akamgeukia pacha wake, akamwambia kitu kwa Kiha, haraka haraka, maneno ambayo Agnesi, aliyekulia Ujiji na kujua salamu tu, hakuyashika hata moja. Doto alijibu. Wakauchukua mfuko wake, kila mmoja kwa mshiko wake, wakaanza kuuburuta kuelekea ndani.